Sheria ya Kumuuliza Mwenyewe

Watu hudhani kompyuta huharibiwa na virusi. Virusi gani? Kompyuta huharibiwa na watu wasiosoma maelekezo, na kundi hilo mimi nalijua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ya jioni, kazi isiyo na mshahara, imekuwa ni kuwasomesha kwa lazima kile walichokataa kukisoma kwa hiari.

Nieleze, maana hata mama yangu mzazi hajaelewa mpaka leo. Uko mfumo wa kompyuta ambao hauuzwi. Umetengenezwa na watu wa kujitolea waliotapakaa duniani, na yeyote aweza kuuchukua, kuutumia na kuufungua aone ndani mna nini. Programu zake huja katika vifurushi, maelfu kwa maelfu, kila kifurushi na msimamizi wake. Sasa itazame Mtopanga, hapa Mombasa upande wa Kisauni, ninapokaa. Kila mwenye kiwanja alijenga alivyotaka. Maji machafu ya huyu yanatokea mlangoni kwa yule, dirisha la yule linafungukia chooni kwa huyu, na wote wanaitana jirani mwema. Mfumo wetu ungekuwa hivyo hivyo kama si sera. Sera ni hati ndefu inayosema kila kifurushi kiweke vitu vyake wapi, kijiite nani, kiguse nini na kisiguse nini. Tunaoitunza hati hiyo ni wachache, na mimi ni mmoja wao.

Hatupendwi. Msimamizi akiambiwa kifurushi chake hakikubaliki, jibu lake huwa moja: "Kwangu kinafanya kazi." Kwako! Basi kaa nacho kwako. Bwana mmoja wa ng'ambo aliwahi kuniandikia ukurasa mzima kwamba sheria zetu zinaua ubunifu. Ubunifu wenyewe ulikuwa kumwaga mafaili yake katikati ya mafaili ya wengine, kama mtu anayeanika chupi sebuleni kwa watu. Nilimjibu kwa sentensi moja na namba ya kifungu, akanuna, na mpaka leo akiona jina langu hujibu kwa mkato.

Na huku nyumbani si afadhali. Kazi yangu ya mshahara iko Changamwe, katika ofisi ya yadi ya makontena, na kijana mmoja wa bara tunayekaa naye meza moja huniambia, "Sister, unafanyia watu kazi bure? Hiyo ni kazi ya mafala." Yeye mwenyewe saa ya chakula hukaa akibeti mechi za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Kanisani nako, wakisikia najua kompyuta, huniletea simu zilizokufa kwa kutumbukia kwenye karai la kufulia. Niwaambie nini watu hawa kuhusu sera ya vifurushi? Nimeacha. Mtu akiniuliza siku hizi nasema nafundisha adabu, na kwa kweli sijadanganya.

Katika sheria zetu zote iko moja niipendayo mno. Inasema hivi: faili la mipangilio ambalo mwenye kompyuta amelibadilisha kwa mkono wake haliguswi. Toleo jipya likija na mipangilio yake, mwenyewe aulizwe kwanza: waitaka hii mpya, au wabaki na yako? Aulizwe, ajibu, ndipo kazi iendelee. Mtu amekaa na chombo chake, amekizoea, amekirekebisha kidogo kidogo mpaka kikamkaa mkononi. Wewe uliye mbali una haki gani ya kuingia na kumpangia? Kwa sheria hii nimegombana na wenye shahada za uzamivu na nikawashinda. Ukiniamsha usingizini nitakusomea kifungu chake neno kwa neno.

Sasa nije kwa dada yangu mkubwa. Dada anakaa Magongo, na ni fundi wa kutarizi: beji za shule, majina ya kwaya, nembo za vyama vya akina mama. Ndiye aliyenisomesha, kwa cherehani ya miguu, kabla hajapata mashine yake ya umeme. Mashine hiyo ni ya mtumba, ilishuka bandarini ikiwa tayari kongwe, na huongozwa na kompyuta. Kompyuta ndiyo huiambia sindano iende wapi, kwa kasi gani, uzi ukazwe kiasi gani, na fremu iliyobana kitambaa ina upana gani. Programu aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya wizi. Aliwekewa na fundi simu wa hapo hapo Magongo, ikaja na matangazo ya kamari na madirisha yanayofunguka yenyewe. Mimi, mtunza sera, dada yangu wa tumbo moja atumie takataka ile? Haiwezekani! Jumapili moja, yeye akiwa kanisani, nilikaa nikaifuta kompyuta yake yote nikamwekea mfumo wetu. Michoro yake ya beji niliihifadhi kwanza, mimi si mwendawazimu. Nikaiwekea pia ijisasishe yenyewe, asije akasumbuka. Aliporudi alitazama kioo, akavua kilemba, akasema, "Haya." Nami nikajua amefurahi.

Programu ya kutarizi ya bure ilikuwako, ila hakuna aliyekuwa ameifungasha vizuri kwa mfumo wetu. Nikatangaza kwamba anatafutwa msimamizi. Nilitarajia Mjerumani au Mjapani. Lo, akajitokeza mzee wa Likoni! Kisauni na Likoni tumetengwa na kisiwa kizima na feri katikati, lakini ukilinganisha na Japani huyo ni wa mlango wa pili. Alikuwa mstaafu aliyejifunza kompyuta uzeeni, mwenye mashine yake ya kutarizi kofia. Hodari, sikatai. Kifurushi chake cha kwanza kilikuwa kisafi kuliko vya vijana wengi wenye shahada.

Na adabu! Sisi tunapoandikiana katika kazi hii, ujumbe ni mstari mmoja: kosa liko hapa, rekebisha. Mzee yeye alianza na salamu aya nzima. Aliuliza hali yangu, na wazee wangu, na majirani, na kama mvua za huku Kisauni zimepungua, akamaliza kwa dua, na kosa lenyewe akalitaja mwishoni kama kitu cha aibu. Wenzetu wa ng'ambo walidhani ni matangazo ya biashara, mmoja akataka kumfungia. Ilibidi niwaeleze kwamba mtu wa pwani haanzi maneno kwa kukurupuka. Mimi aliniita "binti yangu," nami nikamwita baba, na kwa miezi kadhaa tulikwenda vizuri.

Kisha nikakuta dosari. Kifurushi chake, kila kilipopata toleo jipya, kililiondoa faili la mipangilio la mwenyewe na kuweka lingine, bila kuuliza lolote. Ndiyo sheria yangu hiyo hiyo! Nikamwandikia. Akanijibu, baada ya salamu zake zote:

"Binti yangu, mgeni haulizwi kama atakula. Huandaliwa. Mipangilio niliyoweka mimi ndiyo sahihi, nimeijaribu kwenye mashine yangu kwa muda mrefu. Nikimuuliza mtu kama anaitaka, si nitakuwa nimemnyima kwa ujanja? Wanaouliza ni wale wasiotaka kutoa."

Mnaona mambo hayo? Mtu amekaa Likoni, amepanga mashine yake ya kofia, kisha amewapangia dunia nzima, na anajiona karimu! Na hiyo ndiyo tabia yetu sisi watu wa pwani. Kiswahili chetu ndicho Kiswahili, pilau yetu ndiyo pilau, na mgeni akisema ameshiba anaongezewa. Nilimjibu kifungu kwa kifungu. Nilimwambia kompyuta ya mtu si sinia. Akajibu, "Nimekusikia, mwanangu. Inshallah." Mtu wa Mombasa akikupa inshallah ya namna hiyo, ya sauti ya chini na isiyo na siku, nenda kalale. Hakurekebisha kitu.

Hayo yalikuwa maneno ya kwenye kioo tu, mpaka yalipofika Magongo. Dada alikuwa amepata kazi ya shule moja ya Changamwe, masweta ya wanafunzi wote, yawe tayari kabla ya kufungua muhula. Shule hiyo ndiyo ilikuwa nguzo ya biashara yake. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba akichelewa, au akiharibu, kazi itahamia kwa duka kubwa la mjini na haitarudi. Dada alikuwa amekaa na lile faili la mipangilio wiki nyingi, akijaribu kwenye vitambaa chakavu, mpaka ile mashine kongwe ikakubali kutoa beji isiyokunjamana: mwenge juu, kitabu chini.

Asubuhi moja kompyuta ikajisasisha, kama nilivyoiagiza. Ikachukua toleo jipya la kifurushi cha mzee. Faili la dada likaondoka, likaingia la kofia. Dada hakujua. Alitega masweta kama kawaida, akawa anabadilisha sweta baada ya sweta huku akiongea na mteja mlangoni. Uzi ulikazwa kupita kiasi, sufu ikavutwa ikajikunja, na mwenge ukatoka kama kiatu kilichokanyagwa. Aliposhtuka ni pale sindano ilipogonga ukingo wa fremu ikakatika. Wakati huo tayari palikuwa na rundo zima la masweta yaliyoharibika.

Alinipigia simu kazini. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Njoo utazame kitu chako."

Nilikwenda. Nilipoona yale masweta, jamani, nilimtukana yule mzee kimoyomoyo matusi yasiyofaa kutamkwa na mtu aliyebatizwa. Si nilimwambia? Si nilimnukulia kifungu? Nilizima kwanza ule usasishaji wa kompyuta. Faili la zamani nililitafuta, halikuwapo, limefunikwa. Dada alikaa akifumua mwenge mmoja kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na sufu inatoboka.

Sheria zetu zinaruhusu hivi: toleo kuu la mfumo mzima likikaribia kufungwa, lisipokee tena mabadiliko, na kifurushi kina kosa zito, na msimamizi hashughuliki, mtu mwingine aweza kuingia akalirekebisha. Nami siku hiyo niliingia. Niliandika lile swali, waitaka hii mpya au wabaki na yako, nikalipakia, nikatangaza kwa wote kama sheria inavyotaka. Mbele ya sheria nilikuwa safi kama pamba.

Mzee akasusa. Aliandika ujumbe, na safari hii salamu zilikuwa fupi, jambo lililoonyesha jinsi alivyokasirika. "Nimeona mmeingia jikoni kwangu mkapika. Sina neno. Mwenye nguvu mpishe." Kisha, kabla ya kupisha, akaondoa swali langu na kuyarudisha yote kama yalivyokuwa, halafu ndipo akajiuzulu usimamizi. Ala! Huko ndiko kupisha njia? Kurudisha sufuria yako jikoni, kufunga mlango, kisha kusema huna neno?

Sasa kifurushi kikawa hakina mwenyewe na kosa liko pale pale. Siku ya kufunga toleo ikifika hivyo, kinatupwa nje, na katika mfumo mpya dada hatakuwa na programu ya kazi yake. Ningeweza kukichukua mimi? Hapana. Sisi watunza sera tulikuwa tumekubaliana kutosimamia kifurushi ambacho kesi yake tunaihukumu wenyewe, na aliyependekeza hivyo ni mimi, kwa mbwembwe nyingi. Ilibaki mzee aridhie, arudi, na swali liwekwe.

Nilimweleza dada yote hayo kwa urefu, na vifungu. Alisikiliza, akanikata katikati: "Mtu akisusa huendewa. Vaa twende."

"Tukamwombe msamaha? Yeye ndiye mwenye kosa!"

"Mimi nataka beji. Wewe baki na kosa."

Basi tukaenda Likoni. Mzee alikuwa kama alivyoandika: kanzu imepigwa pasi, ndevu zimechanwa, sauti ya taratibu. Sebuleni mashine yake ya kutarizi ilifunikwa kitambaa cha maua. "Shikamoo baba," tulisema, naye, "Marahaba, marahaba wanangu. Karibuni, kaeni kitako." Habari za huko mtokako, habari za wazee, habari za njiani. Neno la kifurushi halikutajwa na hakuna aliyethubutu kulitaja. Akaingia ndani, akatoka na sinia.

Chai ya maziwa, imekolea iliki, sukari imeshatiwa jikoni. Mahamri. Sahani ya halua inayong'aa kwa samli. Akamimina mwenyewe, akampa dada kikombe cha kwanza kwa sababu ndiye mkubwa, akamkatia pande la halua la kumtosha mtu na mumewe.

Dada ana kisukari. Amekatazwa sukari na daktari, na kwake hata chai hunywa ya mkandaa, bila maziwa wala sukari. Nilimwona anapokea kikombe kwa mikono miwili, anasema ahsante baba, anakipeleka mdomoni. Mzee anatazama kwa furaha. Damu ikanipanda. Hii hapa ndiyo sheria yangu, imekaa kwenye mkeka, inaonekana kwa macho!

"Baba," nikasema, "dada yangu ana kisukari."

Mzee akaganda na birika mkononi. "Yarabi! Mbona hakusema?"

"Kwa sababu hukumuuliza!" Wallahi nilitamka kwa raha. "Umeona sasa? Ungemuuliza, angekujibu. Ndilo neno ninalokuandikia miezi yote hii. Mtu huulizwa! Umemwekea sukari kama ulivyomwekea mipangilio, na sasa nani ataumwa, wewe?"

Mzee alitazama chini, masikini, akawa hata hajui aliweke wapi lile birika. Nami nikakaa vizuri, nikingoja dada aniunge mkono.

Dada aliweka kikombe kwenye sinia polepole. Akanigeukia mimi.

"Nani kakutuma kunisemea ugonjwa wangu kwenye nyumba ya watu?"

"Dada, nilikuwa..."

"Nilikuwa nionje funda moja nikiache. Najua kuishi na ugonjwa wangu, na najua kukaa na watu. Huyu baba hakujua, na asiyejua hana lawama. Wewe ulijua. Uliniuliza kama nataka atangaziwe?"

Nikajifanya napukuta makombo ya mahamri.

"Kompyuta yangu uliifuta nikiwa kanisani. Uliniuliza? Ukaiambia iwe inajibadilisha yenyewe, uliniuliza? Kifurushi cha huyu mzee ukaingia ukapangua, ulimuuliza?"

"Sheria inaruhusu," nilisema, "na yote hayo nilifanya kwa ajili yako."

"Na yeye kafanya kwa ajili yetu." Akalionyesha sinia kwa kidevu. "Sasa mna tofauti gani? Yeye angalau kanikaribisha kitako."

Mzee akaingilia, sauti imemshuka, "Mama, msamehe mdogo wako. Kosa ni langu mimi." Akaondoa kikombe cha dada, akarudi na chai kavu, na safari hii alisimama mlangoni akauliza, "Mama, hata tangawizi nisitie?" Dada akacheka, akasema tangawizi atie. Basi hapo wakaanza wao wawili. Kitambaa cha maua kikatolewa kwenye mashine, wakainamia sindano, wakaongea nyuzi na fremu na namna ya kutuliza sufu kwa kuiwekea karatasi chini. Dada akatoa sweta moja lililoharibika kwenye mfuko. Mzee alilitazama kwa muda mrefu, akalipapasa pale lilipojikunja, na uso wake ukabadilika kuliko ulivyobadilika kwa maneno yangu yote. Akasema masweta yaliyobaki yaletwe kwake, washirikiane mashine mbili, na yale yaliyotoboka atayaziba kwa kiraka cha beji.

Mimi sikuulizwa kitu. Nilikaa peke yangu na ile halua, nikaila yote kwa hasira.

Nasikia wengine wakisimulia mambo kama haya humalizia kwa kusema walibadilika. Mimi sikubadilika hata chembe. Tukirudi nilimwambia dada kwamba sheria ni sheria, na akanijibu, "Haya," na sasa nilikuwa nimeanza kuielewa hiyo haya yake. Masweta yalikamilika kwa mashine mbili, ya Magongo na ya Likoni, mfuko ukivuka feri kwenda na kurudi, na mwalimu mkuu akayapokea bila neno. Mfumo wangu haukuchangia sindano moja katika kazi hiyo. Dada aliichomoa mashine kwenye kompyuta akawa anaiendesha kwa vitufe vyake vyenyewe, kama mzee alivyomwonyesha.

Mzee naye alirudi kwenye kifurushi chake. Aliandika lile swali, tena akaliandika vizuri kuliko nilivyoliandika mimi, kwa Kiswahili cha heshima. Akalipakia toleo likiwa limeshafungwa jana yake! Ndiyo inshallah zao hizo. Akaomba radhi kwa salamu ndefu, akaeleza alikuwa na kazi ya masweta ya watu. Wenzangu walilainika. "Ni siku moja tu," waliandika, "tumruhusu." Bwana yule wa ubunifu naye akajitokeza kunitania, akauliza tangu lini tunahesabu saa. Nikasema hapana. Tukimfungulia mmoja kwa sababu ana adabu, kesho tutamfungulia wa pili kwa sababu hana, na sera itakuwa karatasi ya kufungia sambusa. Walikubali, kwa kunung'unika. Kifurushi kikabaki nje ya toleo, na aliyekiondoa kwa mkono wake ni mimi.

Hapo ikabidi niende Magongo kumwambia dada. Nilimkuta anakata nyuzi zilizozidi kwenye kanga ya kwaya, miwani imemshukia puani. Nilisimama, sikukaa. Nikaeleza kwamba kuna njia: naweza kumjengea programu mwenyewe kando ya mfumo, nitakuwa nakuja kila mara, nitaitunza kwa mkono. Nilizungumza muda mrefu, nikatoa sababu zote. Hakuinua kichwa.

Mwishowe nikasema, "Au wataka nikurudishie ile ya fundi simu?"

"Ndiyo," akasema.

Hakufikiri. Hakuvuta hata pumzi. Jibu lilikuwa limekaa tayari tangu ile Jumapili, likingoja mtu alitake.

Nikakaa mbele ya kompyuta. Matangazo ya kamari yatarudi, na madirisha yanayofunguka yenyewe, na wizi. Nilikuwa na uchungu, nasema wazi, niliumia kama mtu aliyerudishiwa posa. Nikafika mahali pa kufuta, na mfumo wetu, kwa adabu zake, ukaandika kwenye kioo: kila kilichomo kitaondolewa, una hakika? Maneno hayo ya Kiswahili niliyatafsiri mimi, na nilibishana na watu wiki nzima ili yawekwe. Kidole changu kikakaa juu ya kitufe, hakishuki.

Dada akaja akasimama nyuma yangu, akasoma swali lote hadi mwisho, akapitisha mkono juu ya bega langu, akabonyeza mwenyewe.